Kufuli mbili, hali 13

Mfumo wa sacco tuliokuwa tukiutunza ulikuwa unaganda mwisho wa mwezi, jioni watu wakiwa wanatumiana pesa. Tunauzima, tunauwasha, maisha yanaendelea. Kwenye laptopu yangu, ofisini Ngong Road, nilirudia jaribio mara elfu moja na halikukwama hata mara moja.

Kila akaunti kwenye programu ilikuwa objekti yenye kufuli yake: aliyeishika ndiye pekee anayeigusa akaunti, wengine wanangoja aiachilie. Kutuma pesa ni kushika kufuli ya anayetuma, kisha ya anayepokea, kuhamisha, kuachilia zote. Soma msimbo huo hata mara kumi, huoni kosa.

Nikaamua kuuandika kihisabati kwa TLA+, lugha ya Leslie Lamport (ndiye huyo aliyeunda LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi). Siku mbili za kwanza tulipigana tu, mimi na hiyo lugha. Ililalamika kuna mkwamo, yaani hakuna hatua inayoweza kufuata, kumbe kazi zote zilikuwa zimekwisha salama, ila sikuwa nimeiambia kwamba kumaliza kunaruhusiwa!

Nikapunguza kila kitu: akaunti A na B, mmoja anatuma A kwenda B, mwingine B kwenda A. Kikaguzi chake, programu inayopitia kila hali inayowezekana, kilinijibu chai ikiwa bado ya moto. Wa kwanza kashika A. Wa pili kashika B. Basi, kila mmoja anangoja ya mwenzake. Sikuamini, nikachora hali zote, kila mchanganyiko wa nani kafika hatua gani, kwa kalamu nyuma ya risiti: 13, mbaya moja tu. Laptopu yangu haikubahatika kuingia hapo. Kikaguzi hakibahatishi, kinapita kote.

Dawa yake ni ya siku nyingi: shika kufuli kwa kufuata namba ya akaunti, ndogo kwanza, hata kama ni ya mpokeaji. Hali zikawa 12, mkwamo hakuna, jumla ya pesa ileile kila mahali.

"Sasa tutalala," mwenzangu akasema.

Mwisho wa mwezi, mfumo ukaganda.

Sikuwa nimeiweka akaunti ya ada kwenye modeli. Mtu akituma pesa, zinashikwa kufuli za wanachama, halafu ya ada. Ile kazi ya kukata ada mwisho wa mwezi ilishika ada kwanza, halafu mwanachama mmoja mmoja. Nilipoiongeza, mkwamo ukajitokeza palepale. Ada tukaipa namba kubwa kuliko zote ili ishikwe mwisho, na kazi ile ikafuata mpangilio huohuo.

Mabadiliko yote yalikuwa mistari minne. Bosi alipoihesabu, aliniuliza hizo wiki tatu nilikuwa nafanya nini.