Nilivyofunga Jenereta, Sanduku la Vifaa na Keria ya Mabomba Kwenye Pikapu Bila Kuharibu Bodi

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza pampu za visima vijijini mkoani Singida, na kwa kazi hiyo pikapu ndiyo karakana. Nilipoamua kwamba jenereta ya kuchomelea, sanduku la vifaa na keria ya mabomba vikae garini muda wote badala ya kupakiwa na kushushwa kila safari, kilichonishughulisha kuliko gharama kilikuwa bodi yenyewe, kwa sababu nimeona pikapu nyingi za mafundi wenzangu zenye sakafu zilizochanika kuzunguka bolti, kingo zilizobonyea, na kutu iliyoanzia kwenye tundu moja dogo ikatambaa hadi kwenye maungio.

Bodi ya pikapu hubeba magunia ya alizeti, mchanga na hata ng'ombe, ndiyo maana watu huidhania kuwa imara kila mahali. Gunia hutandaza uzito wake sakafuni na hushushwa siku hiyo hiyo. Kifaa kilichofungwa kwa bolti hakifanyi hivyo: uzito wake wote hupita kwenye matundu machache, na kila shimo la barabarani huyavuta matundu hayo juu, chini na pembeni, katika bati ambalo unene wake ni takribani milimita moja tu. Jenereta yangu ina kilo 90, sanduku likijaa lina kilo 120, na keria ni kilo 45 kabla ya kuwekewa bomba hata moja.

Kabla ya kununua chochote nililala chini ya gari na tochi. Nilitafuta mihimili iliyokingama chini ya sakafu, mahali bodi inapoikalia chasisi, na vitu ambavyo drili haipaswi kuvikaribia: tenki la mafuta, mabomba ya breki na waya wa taa za nyuma. Vyote nilivipima kutoka ukingo wa nyuma na kutoka ubavuni, kisha nikavihamishia juu ya sakafu kwa chaki, mpaka nikawa nasimama ndani ya bodi nikijua kilichopo chini ya kila hatua. Mchoro huo wa chaki ndio ulioamua mengine yote. Uzito ungekwenda kwenye mihimili na chasisi, na bati lingebaki kuwa kitu ambacho bolti inakipitia tu.

Fundi wa kuchomelea niliyemwendea ni mtu mzima aliyekaa kazini miaka mingi, na pendekezo lake la kwanza lilikuwa kuichomelea miguu ya fremu ya kubebea vifaa hivyo moja kwa moja sakafuni. Nikamwambia, "Mzee wangu, naomba bodi isiguswe na moto kabisa. Fremu uichomelee hapa chini, kwenye gari iende kwa bolti." Nilimweleza sababu zangu naye akazipokea: moto huunguza rangi ya upande wa chini ambako huwezi kuiona wala kuirudishia vizuri, bati jembamba huanza kupasuka pembeni mwa ulehemu, na umeme wa mashine unaweza kuunguza vifaa vya kielektroniki vya gari ikiwa betri haijatenganishwa. "Basi kijana wangu, lete vipimo," akasema, na fremu aliyonitengenezea kwa paipu za mraba za milimita 40, zenye unene wa milimita 3, ilikaa mahali pake bila kulazimishwa.

Fremu hiyo imeshikwa na bolti zilezile zinazoshika bodi kwenye chasisi. Katika gari langu vichwa vyake vinafikika kutoka juu ya sakafu, kwa hiyo nilitoa moja baada ya nyingine, bila kuzifungua zote kwa pamoja, nikaweka ndefu zaidi za ugumu uleule. Hapa nawasihi wenzangu wawe waangalifu sana na meno ya bolti. Bolti nyingi za milimita 10 na 12 za magari ya Kijapani zina meno ya karibu karibu, ya hatua (umbali kutoka jino hadi jino) ya milimita 1.25, ilhali zile za kawaida katika maduka ya vifaa vya ujenzi zina hatua ya milimita 1.5 na 1.75. Bolti ya namna hiyo huingia mizunguko miwili ikagoma, na ukiilazimisha kwa spana unaharibu nati iliyochomelewa ndani ya chasisi, ambayo kuibadilisha ni kazi kubwa. Nilichukua bolti ya zamani kama kielelezo, nikaijaribu kwa vidole kila niliyonunua, na sikuondoka dukani na bolti isiyokuwa na alama ya ugumu ya 8.8 kichwani.

Kazi iliyohitaji uvumilivu kuliko zote ilikuwa ya sakafu yenyewe. Sakafu ya pikapu ina migongo na mabonde. Bolti za bodi zimekaa mabondeni, na fremu hulala juu ya migongo. Ukikaza bolti katika hali hiyo, fremu huibonyeza migongo mpaka ibonyee, bolti hulegea, unakaza tena, migongo hubonyea zaidi. Nilikata vipande vifupi vya paipu nene, kila kimoja kikivishwa kwenye bolti yake, ili kijaze nafasi kati ya fremu na bonde. Kina hakikuwa sawa kila mahali, hivyo kila kipande nilikipima peke yake na kukipunguza kwa tupa kidogo kidogo, mpaka karatasi iliyokuwa kati ya fremu na mgongo ikateleza kwa shida bila kuchanika. Baada ya hapo ningeweza kukaza kwa nguvu zote, kwa kuwa chuma kilikuwa kinakandamiza chuma mpaka kwenye chasisi, na migongo haikuwa ikibeba chochote.

Mafundi wengi hupenda kuweka vipande vya tyubu chini ya fremu. Sikubaliani nao, angalau mahali penye bolti, maana mpira hunywea na bolti hupoteza mkazo, na zaidi ya hayo hushika maji na tope dhidi ya rangi. Nilitumia vipande vya bomba gumu la plastiki vilivyopashwa moto na kunyooshwa, nikaviweka mbali na bolti, kwa ajili ya kulinda rangi tu. Vipande hivyo hivyo nilivitia chini ya sanduku, ambalo ni la alumini, kwa sababu alumini ikigusana na chuma penye unyevunyevu huliwa.

Matundu mapya hayakuepukika kabisa, kwani miguu ya nyuma ya keria ilihitaji kushikwa mahali pasipo na bolti ya bodi. Niliyatoboa juu ya mhimili, na kwa chini nikaweka mabamba ya chuma ya milimita 5 yaliyoviringwa pembe ili yasikate bati. Kingo za kila tundu nilizilainisha kwa tupa, nikapaka praima ya zinki, nikasubiri ikauke, nikapaka rangi, kisha nikaziba kwa gundi ya vioo vya magari. Silikoni ya bei rahisi yenye harufu ya siki haifai hapa, kwa kuwa asidi inayotoa inapokauka huanzisha kutu ileile unayoikimbia. Chenga za chuma zilizotoka kwenye drili nilizikusanya kwa sumaku na kuzifagia kabla ya jua kuzama, kwani zikipata umande hushika kutu na kuacha madoa kwenye rangi nzima.

Keria ina jambo lake la pekee. Mabomba ya plastiki ninayobeba ni ya mita 6, hivyo hupita juu ya kabini, na kishawishi ni kuishikilia keria kwenye bodi na kwenye paa pia. Kabini na bodi zimekaa kwenye chasisi kila moja peke yake. Nilipanda gurudumu moja la nyuma juu ya tuta la udongo, na mwanya kati ya kabini na bodi, ambao kwenye ardhi tambarare ni sawa pande zote, ukabana upande mmoja na kupanuka upande wa pili. Keria iliyofungwa pande zote mbili ingelipinda paa kwenye kila korongo. Yangu imesimama bodini peke yake, na juu ya kabini inaning'inia bila kugusa.

Jenereta nimeiweka mbele kabisa, nyuma ya kabini, na sanduku linaifuata, vyote vikiwa mbele ya ekseli ya nyuma. Uzito unaokaa nyuma ya ekseli huivuta chasisi kama wenzo, na katika pikapu za kabini mbili kuna chasisi zilizopinda kwa sababu hiyo. Kwa ajili ya breki za ghafla nilifuata kiwango cha Ulaya cha kufunga mizigo kwenye magari, EN 12195-1, kinachotaka mzigo uweze kuzuiwa kwenda mbele kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwa pembeni na nyuma. Kwa jenereta yangu hiyo ni kama kilo 72 zinazosukuma kuelekea kabini. Gari likiwa na vifaa vyote, mafuta na watu wawili, nililipima kwenye mizani ya kiwanda cha kukamua alizeti, nikalinganisha na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibao cha gari, na tofauti iliyobaki ndiyo ninayoruhusu kwa mabomba na pampu.

Kila nati nimeichora mstari wa rangi nyeupe unaoendelea hadi kwenye bamba lake. Baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi mistari miwili ya miguu ya keria ilikuwa imeachana kidogo. Nilikaza, nikachora upya, na tangu hapo haijasogea. Ninaikagua kila ninaposafisha gari kwa chini, na wakati huohuo ninazibua matundu ya kutolea maji kwenye pembe za bodi, kwa sababu fremu huyazuia majani na udongo ambavyo zamani vilitoka vyenyewe.