Maharage ya Halfmoon

Jumamosi hii mpira wa kifuniko cha sufuria ya presha umekatika, nikabandika maharage kwenye sufuria ya kawaida kama zamani. Saa ya pili inakatika, binti yangu akaja jikoni, akafunua, akanusa, akaniuliza, "Mama, hivi haya yana shida gani?" Sikumjibu. Nilikuwa nimeshaondoka pale, niko kambini Halfmoon, moshi umenijaa machoni.

Ndiyo ile safari niliyorudi na koti limetobolewa na cheche.

Wazo lilikuwa la mume wangu. Mama yake alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, mwezi wake wa pili huo amekaa kwenye kochi letu hapa Aurora, jimbo la Colorado, Marekani, anatazama maegesho ya magari kupitia dirishani. Mume wangu akaamua dawa ni milima. "Mama ni mtu wa Lushoto," alisema, "akiona mlima atachangamka." Akaazima hema kazini, tukapakia, tukaikamata barabara kuu ya 70 kuelekea magharibi, tukaiacha tukashuka kusini hadi mji wa Leadville, halafu barabara ya vumbi ya Halfmoon, chini ya Mlima Elbert. Mume wangu alianza kumtolea mama yake sifa za mlima: mita 4,401, hakuna mrefu zaidi yake katika safu nzima ya Rocky.

"Na Kilimanjaro?" Mama aliuliza.

"5,895."

"Haya," akasema, akageukia dirisha.

Kambi za msitu wa taifa hazina makuu. Tulikopangiwa na bahati yetu kulikuwa na meza ya mbao, duara la chuma la kukokea moto, choo cha shimo, na ubao wa kukukumbusha kwamba chakula kilale garini kwa sababu ya dubu. Umeme hakuna. Maji tulikuja nayo kwenye madumu. Ada unaitia kwenye bahasha, unaidumbukiza mwenyewe kwenye bomba la chuma lililochimbiwa pale mlangoni, na hakuna anayekusimamia. Mama aliisoma ile bahasha mbele na nyuma ingawa Kiingereza si chake. "Na asiyelipa?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

Hema lilitutoa jasho, tukalisimamisha likiwa limeinamia upande. Kisha ikaja mvua ya alasiri, ambayo kule mwezi wa saba ni kama ada, na radi zake, ikalowesha kuni tulizonunua njiani. Mume wangu alimaliza kiberiti kizima. Mimi mtoto wa Ngamiani, Tanga mjini, nimekulia kwenye jiko la mkaa, nikajifanya natafuta chumvi.

Mama akainuka. Akajifunga kanga juu ya koti la mwanawe, akaingia chini ya misonobari, akarudi na vijiti vilivyokauka ambavyo mvua haikuvifikia. Akavipanga, akainama, akapuliza mara tatu. Moto ukashika. Tangu hapo kambi ikawa yake.

"Maharage uliyaroweka?"

"Niliyaroweka, Mama."

Sikuwa nimeyaroweka. Niliyatoa kwenye pakiti asubuhi ile ile wakati mume wangu anapiga honi.

Maji yalichemka upesi kuliko nilivyotegemea, mapovu makubwa, makelele mengi. Kwenye saa moja jioni Mama akachota kwa mwiko, akachagua punje moja, akaipuliza, akaiweka kati ya kidole gumba na cha shahada, akaminya. Punje ikamteleza ikarukia motoni. "Bado." Nikachochea kuni. Saa mbili akachota tena, akaminya tena. Ganda lilikuwa limekunjamana kama vidole vya mtu aliyeshinda kwenye beseni la kufulia, lakini ndani punje ngumu, ina chembe nyeupe katikati. Akanionyesha kwa mwanga wa moto, kama fundi anavyokuonyesha kifaa kilichoharibu redio yako. "Bado."

Mtoto alipewa mkate na siagi ya karanga, akalala. Mume wangu akasema kichwa kinamgonga, na huenda ni kweli, maana hewa ya kule ni nyembamba. Akaingia hemani. Tukabaki wawili na sufuria.

Ilikuwa kwenye saa tatu hivi niliposikia sauti ya mwalimu wangu wa fizikia. Kule tulikuwa kwenye mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu haiyakandamizi maji kama ya pwani, kwa hiyo yanachemka yakiwa na nyuzi 90 tu, siyo 100 kama ya Tanga. Unaweza kuongeza kuni mpaka msitu wa watu uishe, maji hayo hayapandi zaidi, yanaongeza makelele tu. Nikafungua mdomo niseme.

Nikaufunga. Mama alikuwa anaongea.

Miezi miwili tulikuwa tumeishia kwenye shikamoo, marahaba, umeamkaje, chakula kiko mezani. Sasa alikuwa ananisimulia alivyoshushwa kutoka Lushoto akiwa bibi harusi, joto la Tanga, mbu, na sufuria ya kwanza aliyokabidhiwa na mama mkwe wake. Maharage, vilevile. Akayapika kwa muda ule ule aliouzoea kwao. Kufunua, anakuta uji. Mama mkwe akawaita majirani waje kumwona Msambaa asiyejua kupika maharage, na kwao ndiko yanakotoka.

"Nilienda kulia chooni," alisema, akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka mume wangu akakohoa hemani. Akachota punje, akaminya. "Bado." Nikachochea.

Ningesema, tungezima moto tukalale. Ningependa kuandika hapa kwamba nilinyamaza kwa adabu, kwani nani atamfundisha mama mkwe fizikia mbele ya sufuria? Lakini pia maelezo yangu yangelileta upya lile swali la kuroweka.

Saa nne na nusu akatoa hukumu: "Maharage ya dukani haya, yamezeeka." Sufuria tukaifunika, tukaifungia kwenye buti kwa ajili ya dubu, na gari likanuka wiki nzima. Usiku ule sitauelezea. Alfajiri hema lilikuwa na ganda jembamba la barafu, Julai hiyo. Maharage yakaja kuivia Aurora, kwenye sufuria ya presha. Mama alikula sahani mbili, hakusema neno.

Sasa leo nimesimama na mwiko, nimeminya punje, na ndipo nimeiona. Lushoto iko kama mita 1,400 juu. Tanga iko ufukweni. Kilichoyafanya maharage yake kuwa uji ndicho kilichoyafanya yangu kugoma, jambo lile lile limegeuzwa tu. Mwanamke aliyeaibishwa mbele ya majirani kwa ajili ya sufuria moja, akawa na miaka arobaini na ushei ya kuliwaza jambo hilo, asijue? Na kwa nini alichagua kunisimulia hadithi hiyo, usiku huo, mbele ya moto huo?

Huku ilikuwa saa tano asubuhi, kwao saa mbili usiku. Nikampigia. Tukasalimiana, tukapitia afya za wote, mvua, bei ya mkaa.

"Na hapo wapika nini?"

"Maharage, Mama."

Akanyamaza kidogo. "Umeyaroweka?"

Nikaitazama sufuria.

"Nimeyaroweka, Mama."