Kutoka Essen hadi Bottrop, Nikifuata Makaa Yaliyozimwa

Tramu namba 107 ilinishusha Zollverein, mgodi wa zamani wa makaa ya mawe mjini Essen, Ujerumani, asubuhi yenye ukungu. Nilikuwa nimehitimu sera za jamii, na swali la tasnifu lilikuwa bado halijaniachia: mgodi ukifungwa, nani anabeba gharama?

Aliyetutembeza alikuwa mzee aliyechimba makaa ya mawe maisha yake yote ya kazi. Alisimama chini ya mnara wa shimo namba 12, akatueleza jinsi mgodi ule ulivyofungwa mwaka 1986 na wenzake kuhamishiwa migodi mingine. Makaa ya Ruhr, eneo la viwanda ambamo Essen na Bottrop zimo, hayakuuawa na hofu ya tabianchi. Yalishindwa bei na makaa kutoka nje, na ruzuku ya serikali ikawa mzigo. Kilichonivuta huku ni namna yalivyofungwa. Mwaka 2007 serikali, kampuni na chama cha wafanyakazi walikubaliana kwamba ruzuku ikome 2018. Hiyo ni miaka kumi na moja ya kujiandaa! Wachimbaji wa chini ya ardhi waliruhusiwa kuacha kazi wakiwa na miaka 50, wakilipwa mpaka pensheni iwafikie.

Nilimuuliza mzee ni nini kilichomuuma zaidi. Nilitarajia kusikia habari za fedha. Akasema ni kuamka saa kumi alfajiri, kama alivyozoea, asiwe na pa kwenda.

Nilinyamaza. Tasnifu yangu ina majedwali mengi ya kipato. Hakuna hata safu moja ya jambo hilo.

Mchana nilivuka hadi Bottrop, ambako Prosper-Haniel, mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe Ujerumani, ulifungwa Desemba 2018. Nikapanda kilima cha vifusi vya mgodi, kisha ngazi za Tetraeder, mnara wa chuma unaotikisika upepo ukivuma. Bonde la Emscher lilitandazika chini yangu. Mto huo ulikuwa mfereji wa majitaka kwa zaidi ya karne, kwa sababu ardhi iliyokuwa ikididimia kutokana na uchimbaji ingevunja mabomba yoyote ya chini. Kuusafisha kulichukua takriban miaka thelathini, na mwisho wa 2021 majitaka yakaacha kuingia mtoni. Ardhi iliyodidimia, hata hivyo, haikupanda tena. Pampu zitavuta maji milele, la sivyo sehemu kubwa ya eneo hili itageuka ziwa. Nilikuwa nimelitumia neno "uendelevu" kwa wepesi mno. Pale juu lilinielemea.

Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka: kukaa mezani kabla lango halijafungwa, unapopangwa ukomo wa kazi za watu, na kuuliza watashinda wapi kesho yake. Nimeomba nafasi Lausitz, mashariki mwa Ujerumani, ambako makaa ya kahawia yanatakiwa kuzimwa kabla ya 2038 kuisha. Kwenye treni ya kurudi Essen nilifungua dodoso langu, nikafuta swali la kwanza, lile la mshahara, nikaandika: "Unaamka saa ngapi, na unaelekea wapi?"