Mwezi mwekundu, Zohali na habari za juu ya paa

Jumapili ile ya tarehe 7 Septemba 2025 kama ulikuwa Bongo na hukutoka nje usiku pole sana aisee, maana mwezi ulipatwa mzima mzima na wala haukutaka mtu akeshe, saa mbili na nusu tu usiku ulikuwa umeshazama wote kwenye kivuli cha dunia na ukakaa humo mpaka karibu saa nne. Sisi wapenda nyota vitu vizuri huwa vinatukuta saa tisa usiku, wenzetu wanakoroma, sasa hiki kimekuja muda wa watu kula ugali.

Nilipanda juu kule tunakoanika nguo na darubini yangu ya macho mawili, zile za kuangalia wanyama mbugani, nikadhani nitakuwa peke yangu. Wapi! Watoto wa uwani walishajua, foleni ikaanza kwenye ngazi. Mdogo kuliko wote kang'ang'ania mkanda wa darubini, anazungusha weee halafu ananiuliza, "Anko, mbona bendera ya Wamarekani siioni?" Nikamwambia ile haionekani hata kwa darubini kubwa kuliko zote duniani, mwezi uko mbali kama kilomita 384,000 hivi, bendera yenyewe kitambaa tu. Akanijibu, "Basi haipo." Akapisha mwenzake.

Mama mwenye nyumba ndo alikuwa anatoka msikitini kuswali swala ya kupatwa mwezi, nikamwambia shikamoo mama karibu uchungulie, akakataa, akasema anauona vizuri tu kwa macho yake, umekuwa kama chungu kipya. Na kweli rangi ilikuwa ileile. Ule wekundu ni mwanga wa jua unaopenya pembeni mwa dunia kupitia hewa yetu, bluu inatawanyika njiani, nyekundu inapinda na kufika mwezini, yaani ni machweo na mawio ya dunia nzima yanamulikwa pale kwa wakati mmoja. Mimi hii huwa inanimaliza kabisa.

Watu wote macho kwenye mwezi, ila chini yake kidogo upande wa mashariki kulikuwa na Zohali, ile sayari yenye pete, imetulia na hakuna aliyeijali. Darubini yangu haioneshi pete, lakini mwaka huo hata wenye mitambo hawakuwa na cha kuringia, tangu Machi pete zilitugeuzia ubavu zikawa zinaonekana kamstari tu.

Mnaoniuliza ninunue darubini ipi, jamani msinunue ile teleskopu ya boksi lenye picha za rangi na maandishi inakuza mara 500. Jamaa yangu anayo, stendi yake ukipumua tu nyota inakimbia. Chukua ya macho mawili 10x50, maana yake inakuza mara 10 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 50, hata mtumba sawa, egemea ukuta mikono isitetemeke, na ile miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii (Jupita) utaiona, ileile aliyoiona mwanaanga Galileo mwaka 1610. Halafu umeme ukikatika acha kulalamika toka nje, anga la mjini linakuwa kama la kijijini.

Kuhusu Mshtarii, mwezi wa nane 2025 wanaowahi swala ya alfajiri waliiona imebanana na sayari ya Zuhura mashariki, tarehe 12 ndo zilikuwa karibu kabisa. Nilipiga picha kwa simu, imetoka madoa mawili, siiweki.

Sasa namsubiri Kilimia, lile kundi la nyota, Septemba anachomoza kama saa tano usiku ila kila siku anawahi kidogo, ikifika mwisho wa Novemba giza likiingia tu ameshachomoza. Kwa macho matupu nahesabu nyota sita, ukiweka darubini zinamwagika mpaka unaacha kuhesabu. Tatizo mvua za vuli nazo zinakuja wakati huohuo.

Kupatwa kwa mwezi kwa Machi 2026 sisi hatumo, ni zamu ya Asia mashariki, Australia na Marekani. Mimi akili yangu iko tarehe 2 Agosti 2027, jua litapatwa lote na njia ya kivuli inapita Luxor kule Misri, Jeddah na Makka, Luxor ni zaidi ya dakika sita za giza mchana. Nauli sina. Kwa sasa natafuta stendi ya kamera iliyotumika, Kariakoo bei wanazonitajia hapana, mwenye nayo aniambie.