Peak District bila gari: nilivyomzungusha shangazi

Kila niliyemwambia nampeleka shangazi Peak District, eneo la milima lililo kati ya Manchester na Sheffield, kuona mashamba na vijiji vya Uingereza alinijibu neno moja: kodisha gari. Wakala mmoja hapa Manchester akataka kutuuzia safari ya basi: picha kijiji hiki, picha kijiji kile, jioni mmerudi, na bei yake ingetulisha wiki nzima. Nilikataa, na leo nasema kifua mbele: tumetumia treni na miguu, na tumeona mengi kuliko wangetuonyesha dirishani.

Treni ya kuelekea Sheffield, ile inayosimama vituo vidogo, inakushusha kijiji cha Edale, haifiki hata saa moja. Ukishuka tu, uko milimani. Siri ni ramani. Nunua ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, ya kipimo cha 1:25,000, ufuate vistari vya kijani. Hizo ni njia ambazo sheria inamruhusu yeyote kupita, hata zikikatiza shamba la mtu.

Shangazi ni mtu wa Lushoto, hapiti kwa watu bila hodi. Akagoma getini. "Mwanangu, hapa ni kwa wenyewe. Watatuachia mbwa." Nikamwonyesha mshale wa njano uliopigiliwa kwenye nguzo. Wapi! Mara mwenye shamba akatokea na ndoo yake, akatupungia, akatuelekeza tupite kushoto kwa zizi. Tangu hapo shangazi akatangulia yeye, na kila geti lililokuwa limefungwa alihakikisha amelirudishia komeo. Fanyeni hivyo, kondoo wakitoka ni balaa la mkulima.

Uhuru wa kutembea milimani nao una watu walioupigania. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya wafanyakazi vijana waliingia kwa makusudi Kinder Scout, mlima ulio juu ya Edale, wakati huo umefungwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri. Watano walitupwa jela. Mwaka 1951 Peak District ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza. Nilimsimulia tukipanda Hollins Cross, njia ya juu ya mlima kati ya Edale na Castleton, naye kila tukipumzika anauliza wale vijana walitoka jela lini.

Kutoka hapo tukafuata mgongo wa mlima hadi kilele cha Mam Tor. Kina mita 517 na njia ya mgongoni imetandikwa mabamba ya mawe, mtu mzima mwenye fimbo anafika. Beba koti la mvua hata jua likiwaka.

Kushuka, msikose barabara iliyovunjika. Mlima huu unaporomoka polepole, wakakarabati mpaka wakachoka, na mwaka 1979 wakaifunga. Lami imekatika vipande, kimoja juu kingine chini, na ubavuni unahesabu tabaka za viraka vya miaka yote. Mstari mweupe wa katikati unaishia hewani. Shangazi alikaa hapo muda mrefu kuliko kileleni.

Kijijini Castleton, chini ya mlima, tulikunywa chai kwa skonzi, jamu na krimu, tukaangalia vito vya Blue John, jiwe la zambarau na njano linalochimbwa hapo tu. Kurudi, pandeni treni kituo cha Hope, kijiji jirani, badala ya kuupanda mlima tena, ila kituo kiko nje ya kijiji hicho na treni si za kila dakika. Angalieni ratiba kabla hamjaagiza chai ya pili.