Mbwa Aliyeshinda Bila Hela ya Mjomba

Mjomba hakubeti kabisa mbwa wa kompyuta, wale wa mbio zinazotengenezwa na mashine. Pale kwenye kibanda cha kubeti Isevya, hapa Tabora, runinga moja ilikuwa ya mbwa hao tu, mbio juu ya mbio, na ndiko vijana wengi walikojazana. Hoja yao ilikuwa moja: namba fulani haijatoka muda mrefu, kwa hiyo sasa lazima itoke. Alasiri hiyo kijana wa bodaboda alikuwa anaifukuzia namba moja kwa kudabo dau. Alianza na 1,000, kisha 2,000, 4,000, mpaka akafika 32,000.

"Mwanangu," Mjomba akamwambia, "mashine hiyo haina kumbukumbu. Kila mbio inaanza upya. Umeshatoa 63,000. Hii nayo ikichanika, inayofuata ni 64,000. Unazo?"

Kijana hakujibu, ila alisogeza kiti chake upande wetu.

Mjomba, gadi mstaafu wa treni za Reli ya Kati, alitaka mbwa wenye damu, wale wanaokimbia Uingereza. Siku hiyo walikuwa Romford, mashariki mwa London, mita 400, mbio ya sekunde 24 hivi. Mbwa ni sita: wa kwanza kizibao chekundu, wa pili buluu, wa tatu cheupe, wa nne cheusi, wa tano rangi ya chungwa, wa sita milia nyeusi na nyeupe. Fomu zao, yaani rekodi za mbio zao zilizopita, alizisoma kwenye simu yangu, miwani puani, na hakuanza na nani alishinda juzi. Kule mbwa akishinda hupandishwa daraja, akutane na wakali zaidi, kwa hiyo ushindi wa juzi peke yake haukwambii mengi. Yeye alitafuta nani anatoka haraka kwenye boksi la kuanzia mbio, nani hupenda kukimbia karibu na reli ya ndani, nani hutanuka nje. Palipoandikwa SAw, mbwa alichelewa kutoka. Crd1, alibanwa kona ya kwanza.

"Mpwa wangu, mbio inaamuliwa kona ya kwanza," akasema. "Tazama. Namba moja anatoka kama risasi na anapenda ndani. Namba mbili mzito kutoka. Basi wa kwanza atapita peke yake, na hawa wa katikati watagongana."

Nikatoa hela nibeti. Akanishika mkono. "Bei yake?"

Ilikuwa 2.20, yaani ukiweka 1,000 naye akishinda, unapata 2,200. Akanipa kalamu nipige hesabu nyuma ya tiketi iliyotupwa: wengine walikuwa 4.50, 6.00, 7.00, 8.00 na 10.00. Niweke kiasi gani kwa kila mbwa, ili yeyote akishinda nipate 100,000? Nikagawanya, nikajumlisha: zaidi ya 121,000. Hiyo 21,000 ya juu ni ya mwenye kibanda, na anaichukua kwa kupunguza bei za mbwa wote. Mjomba aliamini namba moja angeshinda mara nne katika kila kumi. Kwa uwezekano huo bei ya haki, isiyo na faida wala hasara, ni 2.50. Kwa 2.20 hakutoa hata senti.

Maboksi yakafunguka. Namba moja akaingia kona peke yake, nyuma yake buluu alikuwa bado anajikusanya, cheupe na cheusi wakagongana mabega. Alishinda kwa mbali. Kibanda kizima kikapiga kelele, "Mzee, umeacha hela!" Mjomba akaandika matokeo kwenye daftari lake. Mimi nilikuwa nimeumia moyo kwelikweli. Yeye uso ulikuwa uleule.

Mbio iliyofuata ndiyo aliyobeti. Namba sita, mpenda nje, jirani yake wa tano hukimbilia ndani, kwa hiyo njia ingekuwa wazi. Alimpa nafasi moja katika nne, bei ya haki 4.00, na ubaoni alikuwa 5.00. Akaweka 2,000. Kwenye kona, wa tano akatanuka nje kinyume na desturi yake, akamgonga, milia ikamaliza ya tano.

Kijana wa bodaboda akamtazama kwa huruma. "Pole, mzee. Ile ya kwanza ndiyo ilikuwa ya kubeti."

"Hapana," Mjomba akasema, akifunua ukurasa mpya. "Ya kubeti ilikuwa hii. Kesho nikiikuta tena kwa 5.00 naweka tena 2,000, ileile, siongezi."