Dumu la Mjerumani ndo lilimsaidia Mmarekani kuingia Ujerumani

Kuna yale madumu ya chuma ya lita 20 ambayo madereva wa safari hufunga nyuma ya Land Rover, jerikeni zenyewe hasa, sio haya ya plastiki ya njano tunayotekea maji. Ukiliangalia lina mishikio mitatu, na mi miaka yote nilijua ni urembo. Kumbe ule wa katikati ni wa mtu mmoja, ile ya pembeni mnabeba wawili, na yakiwa matupu unayashika mawili kwa mkono mmoja. Wajerumani ndo walilibuni miaka ya 1930, Waingereza wakayateka kule jangwani Afrika Kaskazini wakaiga, na kwa kuwa Mjerumani walimuita Jerry kwa utani, basi jina likaganda.

Sasa Agosti 1944, Vita vya Pili vya Dunia, Mjerumani anakimbizwa Ufaransa nzima, watu washaanza kusema vita itaisha kabla ya Krismasi, halafu mwisho wa mwezi vifaru vya Patton, jenerali wa Kimarekani, vinafika mto Meuse mashariki mwa Ufaransa vinapaki. Petroli hamna! Yaani mafuta yapo, ila yako nyuma kule Normandy, pwani waliposhukia, mamia ya kilomita, na reli za kuyaleta Wamarekani na wenzao walikuwa wamezipiga mabomu wao wenyewe ili adui asizitumie.

Ikabaki lori, na petroli ndani ya madumu yale yale. Wakaanzisha Red Ball Express, barabara moja ya kwenda nyingine ya kurudi, raia haruhusiwi kupita, lori karibu 6,000 usiku na mchana, na siku ya 29 Agosti peke yake zilishusha zaidi ya tani 12,000. Kama robo tatu ya madereva walikuwa Wamarekani weusi, jeshi lililowatenga kwa rangi halafu likawategemea wao kwa tumbo lake. Walipangiwa maili 25 kwa saa, wakachomoa kile kifaa cha kuzuia spidi wakakanyaga mafuta, na mizigo walipakia kupita kiasi (dereva wa lori ni yuleyule dunia nzima jamani). Shida ni kwamba msafara wenyewe ulikuwa unakunywa petroli kama galoni 300,000 kwa siku, na madumu matupu yalitupwa njiani kiholela mpaka yakaadimika.

Na hapa mi namlaumu Montgomery kabisa, yule kamanda wa Waingereza. Bandari ya Antwerp kule Ubelgiji waliipata tarehe 4 Septemba karibu nzima nzima, kreni zipo, gati zipo, ila kutoka bandarini mpaka baharini ni kilomita kama 80 za mto Scheldt na kingo bado anazo Mjerumani. Yeye akili yote Arnhem, mji wa Uholanzi alikotaka kuvukia mto Rhine. Meli za kwanza za msafara ziliingia tarehe 28 Novemba, karibu miezi mitatu imekwenda bure.

Kwenye huo Rhine, mto wa kuvuka kuingia ndani ya Ujerumani, Machi 1945, walikuwa wamejifunza. Boti za wanamaji zilibebwa na malori kwa barabara hadi mtoni. Kule Remagen walibahatika kukuta daraja la reli limesimama tarehe 7, siku kumi baadaye likaanguka na kuua mainjinia 28, lakini pembeni yake walishafunga madaraja mengine yanayoelea, kwa hiyo foleni ya malori haikusimama.